Chumvi na Mawe ya Mvua

Tuliondoka Uvinza na magunia mia na ishirini,
chumvi bado ina joto la majiko,
Hilali kwenye usukani, mimi utingo juu ya mzigo,
nimekalia turubai kama kuku juu ya mayai.
Mbingu ya upande wa Malagarasi ilikuwa imenuna
tangu saa nane. Hilali akasema, "Itapita."
Hilali husema hivyo hata juu ya madeni.

Haikupita.

Ulianza upepo, ukaiinamisha miombo
mpaka ikaonyesha upande wa chini wa majani,
ule uliopauka, ambao miti huuficha
kama mtu afichavyo kiraka cha suruali.
Kisha tone moja, zito, begani.
Kisha jiwe.

Mvua ya mawe haipigi hodi.
Ilipiga bodi, ikapiga boneti, ikanipiga kisogo,
nikaingia ndani kwa dirishani, miguu ikiwa ya mwisho.
Kioo cha mbele kikajichora utando wa buibui,
na Hilali akawa anatoa kichwa nje, anarudisha,
anatoa, anarudisha,
kobe aliyeishiwa subira.

Barabara ilikuwa nyeupe.
Nyeupe tupu, mpaka mwanga wa taa ulipokomea,
na mimi, mtoto wa Kasulu, niliyezoea kuiona barafu
ndani ya friji la duka la soda,
nikapiga kelele: "Simama! Chumvi inamwagika!"
"Ingemwagika nyuma," akasema, "si mbele."

Hajamaliza, tairi la kushoto likaliona shimo,
nalo shimo likalikaribisha kama shemeji.

Tulikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga,
ule unaokupokea kwa mikono miwili
na kukuachia kiatu kimoja.
Lori likainama, lisilale, lisisimame,
kama mgonjwa anayesikiliza watu wakimsema.
Injini ikanguruma, tukazama zaidi.
Ikanyamaza. Nguruka ilikuwa mbele bado,
na simu ya Hilali ilionyesha saa tu.

Akaja mwanamke, tochi ameiuma kwa meno,
jembe mkononi, sinia la bati kichwani
likilia ta-ta-ta kwa mawe.
Leokadia. Hakuuliza tunatoka wapi.
Akatoa tochi kinywani, akauliza, "Koleo mnalo?"
Hatukuwa na koleo.
Tulikuwa na redio mpya.

Aliitazama redio. Akaanza kuchimba.

Wakaja wanawe watatu, akaja fundi baiskeli mwenye kikohozi,
wakakata matawi ya mninga ulioangushwa na upepo,
tukayalaza chini ya tairi, yakamezwa,
tukalaza mengine, yakamezwa,
fundi akavua koti lake, akalitazama, akalivaa tena.

Ndipo nikasikia lori linatiririka.
Turubai lilikuwa limetobolewa kama chujio la chai;
kutoka kwenye magunia maji yalishuka polepole,
nikayakinga kwa kidole, nikalamba.
Nikaokota punje nyeupe chini: haina ladha.
Nikaokota nyingine: chumvi.
Gizani zilifanana kama mapacha wa mama mmoja,
na jicho halikuwa na kazi, kazi ilikuwa ya ulimi,
nami nilikuwa napiga magoti matopeni
nikiionja barabara ya serikali.

Kulipopambazuka tulitoka.
Hilali hakushangilia. Alihesabu magunia,
arobaini yalikuwa ngozi bila nyama,
akakaa kwenye ngazi ya lori na kufunga viatu
ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.
Kisha akamnyoshea Leokadia noti mbili zilizolowa.
Akazirudisha. "Pesa haikolei kwenye maharage."
Akalijaza sinia chumvi mbichi mpaka likafurika,
akaondoka nalo kichwani, shingo wima,
maji ya chumvi yakimchirizika nyuma ya sikio.

Mwezi wa saba tulipita pale, vumbi tupu,
Hilali akapiga breki.
Mbuzi wapatao ishirini walikuwa wamelala barabarani,
wengine wamesimama, wanalamba ardhi
pale pale tulipozama,
hawaogopi honi.

Tulingoja.
Koleo lilikuwepo, nyuma ya kiti.